Duka la sola Mwanga, Kigoma: paneli inapimwa ukiwa unaona

Kwetu, mbele kidogo ya Mwandiga, nguzo za umeme hazijafika mtaani, kwa hiyo sola si anasa. Mimi ni fundi cherehani, na kazi nyingi za sare huangukia usiku. Nilizunguka maduka ya mjini, mwisho vitu vyote nikanunua duka moja pale Mwanga, jirani na soko.

Kilichonishika pale ni upimaji. Madukani kuna paneli nyingi zilizobandikwa karatasi ya wati 100 ambazo hazifiki hata nusu. Fundi wa duka hili aliitoa paneli nje jua la saa sita, akaiegemeza ukutani, akagusisha mita. Volti 21 na ushee. "Mama, volti zisikuzubaishe, hata feki inazo. Angalia ampea." Akageuza mita ipime ampea, yaani wingi wa umeme unaotiririka: 5.6. Halafu, wala sijamwomba, akaleta nyingine ya bei ya chini, nayo imeandikwa wati 100. Ikatoa 2.3. Kwa bei zilitofautiana elfu arobaini tu. Nilimshukuru sana yule kijana, maana mtu anadunduliza mwaka mzima halafu anauziwa karatasi.

Gharama zangu: paneli 130,000, betri ya lithiamu ya volti 12 ampea-saa 50 kwa 420,000, chaja kontrola (kifaa cha kuzuia betri isijazwe kupita kiasi) 40,000, taa sita na waya zake 60,000, ufundi 30,000. Jumla 680,000. Betri ndiyo iliyokula hela, na hapo msibane. Betri ya asidi ni rahisi kununua, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku inakufa mapema. Lithiamu unaishusha karibu yote na bado inadumu miaka.

Dada yangu alichukua seti ya mkopo ya kampuni moja, 1,500 kwa siku kwa miaka mitatu. Pigeni hesabu: inapita milioni moja na laki sita, na paneli yake ni ndogo kuliko yangu. Akichelewa kulipa, taa zinafungwa watoto wakiwa na madaftari mezani. Naelewa kwa nini watu wanaikimbilia, laki sita kwa mkupuo si mchezo. Ila duka hili lilinipokelea hela ya betri kidogo kidogo, wakaandika kwenye daftari, nikaichukua ilipotimia.

Mwanangu aliuliza kama tungeweza kuchaji gari la umeme. Nissan Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24, yaani wati-saa 24,000. Paneli yangu siku ya jua zuri inakusanya kama wati-saa 400, yaani miezi miwili kulijaza mara moja, taa zote zikiwa zimezimwa. Gari hilo bado liko mbali na sisi. Taa, simu na tivii ndogo vinafikika.

Kasoro zipo. Fyuzi ya betri haikuwemo, nikaidai ndipo ikafungwa. Dhamana ya mwaka mmoja waliitaja kwa mdomo. Hakikisheni inaandikwa kwenye risiti. Na fundi akija nyumbani, paneli iangalie kaskazini na ilale kidogo ili mvua iisafishe. Kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba vikizidi, ifuteni kwa kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto.