Mchana mzuri, usiku haueleweki: siku sita katika hospitali moja ya Ibanda

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la mbao huku Kadutu, Bukavu, kwa hiyo popote ninapoingia jicho hukimbilia daftari kwanza. Hospitali tuliyomlaza mama mkwe, malaria kali, siitaji jina kwa sababu ya yale ya usiku.

Mchana walinifurahisha. Pale mapokezi hakuna anayegusa franga zako. Unapewa karatasi ya bei, unakwenda kwa keshia, naye anakata risiti yenye nakala tatu: nyeupe yako, ya njano ya famasia, ya waridi inabaki kitabuni. Famasia hawatoi hata kidonge bila ile ya njano, na wakishatoa wanaigonga mhuri usije ukarudi nayo kesho. Kwenye kila rafu kuna kadi ya stoki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Dawa inayokaribia kuisha muda imewekwa mbele. Sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali, mama aliipata saa saba mchana, hata chai yangu haijapoa.

Sindano hiyo hurudiwa baada ya saa 12, tena ya 24. Saa saba usiku basi. Muuguzi akafungua kabati ya wodi, tupu. Kabati yenyewe haina kadi, nani angejua imeisha?

“Papa, famasia imefungwa. Mwenye ufunguo analala Bagira.”

Shemeji akapanda pikipiki na mvua ile, akazunguka mpaka akapata famasia iliyo wazi Nyawera. Dawa ilichelewa karibu saa mbili. Muuguzi naye akaniomba franga 5,000 za mrija wa dripu, mkononi, bila karatasi. Nikatoa. Ungebishana na nani saa hiyo?

Siku ya kutoka, nikaona sindano tuliyoinunua wenyewe imo kwenye faktiri. Nikamwekea mhasibu risiti zangu nyeupe mezani. Akafungua kitabu cha waridi, akalinganisha namba kwa namba, akaifuta bila ugomvi. Dakika kumi hivi. Hapo nilimvulia kofia.

Zile 5,000 hazikuonekana popote. Akanitazama, nikamtazama, tukaelewana.

Mchana nawapa nyota nne. Nyota za usiku nitazihesabu siku ufunguo wa famasia utakapolala hospitalini.