Nimefika banda la Falme za Kiarabu Expo ya Osaka, nilichokikuta ni makuti: uzoefu wangu

Habari zenu wadau. Hii nimechelewa kuiandika, maonyesho yenyewe yalishafungwa tangu tarehe 13 Oktoba 2025, ila kila nikikutana na mtu hapa Mtwara ananiuliza mwalimu ulienda Japani uliona nini, na mimi jibu langu ni moja tu, niliona makuti. Wanadhani nawatania. Basi leo naandika yote, tena naandika kama fundi maana mimi nafundisha useremala chuo kimoja hapa hapa Mtwara na nilienda kule kwa mafunzo mafupi ya wiki tatu mwezi wa sita, tukapewa siku moja ya kwenda Expo, kila mtu na hamu zake.

Kwa ambao hawajui, Expo ni maonyesho ya dunia, chukulia Sabasaba lakini kila nchi ina banda lake na inajenga kweli kweli, sio turubai. Hii ya Osaka ilikua kwenye kisiwa kinaitwa Yumeshima, kisiwa cha kutengenezwa na watu, wamefukia bahari wakapata ardhi. Ilianza tarehe 13 Aprili. Tiketi ya mtu mzima kwa siku moja yen 7,500, ukipiga kwa hela yetu ni zaidi ya laki moja na thelathini, kwahiyo sio kitu cha kwenda kuzurura tu, lazima ujue unataka nini.

Mimi nilichotaka ni ule mzingo wa mbao, na nisiwafiche, ukitoka tu stesheni ukaingia getini ukauona mwili unasisimka. Lilikua duara la mbao limezunguka uwanja, mzunguko wake kama kilometa 2 na ulikua unapanda juu unatembea, chini yake watu wanakaa kivulini. Amelichora Sou Fujimoto, na Machi 2025 Guinness, wale wa rekodi za dunia, wakaliandika kuwa ndio jengo kubwa la mbao kuliko yote duniani. Nilisimama kwenye kiungo kimoja muda mrefu mpaka mwenzangu wa Lindi akaniacha akaenda zake. Mti wa kulala unapita ndani ya nguzo, tundu limetobolewa kwa kipimo, ukipita unakazwa, na hiyo ni mbinu ya mafundi wao wa zamani waliojengea mahekalu, sasa wameongezea na vya kisasa ili jengo lihimili tetemeko. Wanafunzi wangu nawaambia kila siku tundu likiwa na nafasi hata ya kucha kiungo kimekufa, na pale nilikua naangalia tundu maelfu kwa maelfu na hakuna hata moja nililoona limelegea.

Sasa turudi kwenye banda. Kwanza tulianza na banda la nchi nyingine ambalo sitalitaja, tukapanga foleni karibu masaa mawili juani, kuingia ndani ni skrini, skrini, skrini, dakika kumi mko nje. Yaani niliumia, maana ile picha ningeiangalia hata kwenye simu nikiwa nimelala Chikongola huku Mtwara. Nilitoka nimechoka nikasema nitafute kivuli tu, na ndio nikaliona banda la Falme za Kiarabu kwa mbali, na kilichonivuta ni rangi. Ile rangi ya kuti kavu. Mtu wa pwani hawezi kuikosea ile rangi hata akiwa Japani.

Nikasogea. Ndugu zangu, nguzo tisini. Tisini, na nyingine zinapanda mpaka mita 16, zimesimama kama shamba la mitende na wewe unapita katikati, na zote zimevalishwa pongoo za mtende, ule mti wa katikati ya kuti ambao kwetu ukishachambua majani unautupa ama unaupeleka jikoni. Kule nao ni hivo hivo, kila mwaka mtende unapogolewa yanabaki makuti mengi hayana kazi, wao wakayakusanya wakasema hii ndio sura ya nchi yetu. Nchi yenye Burj Khalifa, lile jengo refu kuliko yote duniani! Wangeweza kuleta dhahabu, kioo, kitu chochote wanachotaka, wakaleta kuti.

Nilikaa na nguzo moja nikaiangalia kuanzia chini. Pongoo zimesimamishwa wima, moja ubavuni mwa mwenzake, na hazifanani, hii nene chini inakwenda inachongoka, ile ina kovu pale majani yalipokatwa, nyingine imejipinda kidogo na fundi hajailazimisha inyooke, ameitafutia mwenzake mwenye pindo hilo hilo akazilaza pamoja. Hapo ndipo nilipoona kazi. Mbao ya randa ukishaipiga imenyooka mtu yeyote anaipanga, lakini kitu cha shamba kila kimoja na mwili wake, kukipanga mpaka kifike juu mita nyingi hivo bila macho kukwama sehemu inabidi mkono uliokaa na hicho kitu. Nikasoma kwamba wameunganisha ufundi wa kwao na wa mafundi wa Kijapani, nikasema ndio maana.

Kuna vijana wao wanapokea wageni, mmoja amevaa kanzu nyeupe akaniona nimeganda pale akaja. Akanisalimia kwa Kiingereza, akauliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema aah Zanzibar, nikamwambia hapana, kusini kabisa, Mtwara, ukivuka mto Ruvuma uko Msumbiji. Akaniambia nyumba hizi kwao zinaitwa areesh, kuta na paa vyote kuti la mtende, na wazee wao kiangazi kikikaza walikua wanahamia humo maana upepo unapita kwenye kuta. Nikamwambia na sisi tunazo, ila letu la mnazi, na tunalo la kumba, lile la kusuka, na la viungo. Ikabidi nimuoneshe kwa vidole jinsi kuti la viungo linavyokunjwa kwenye fito, alicheka kwa furaha akamwita mwenzake, nikaanza upya.

Alafu nikamwambia jambo ambalo najua wengi wetu hapa tunalisahau. Zile nyumba zao kubwa za zamani, za mawe na matope, dari zake zilibebwa na boriti za mikoko zilizotoka huku kwetu, delta ya Rufiji, Kilwa, pwani hii yote, zinapakiwa kwenye majahazi zinasubiri upepo wa kusi zinakwenda Ghuba. Kule miti ya kujengea hamna. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, yaani mkoko uliokatwa Kilwa ndio uliamua sebule ya mtu wa Dubai iwe na upana gani. Yule kijana akasema kweli, kwa babu yake zipo mpaka leo. Tukashikana mikono hapo, na mimi nilitamani marehemu babu yangu angekuwepo, maana alikata sana boriti na hakuwahi kujua zilipoishia.

Tukaongea mpaka chakula, akanitajia lugaimat, vidonge vya unga vya kukaanga vinavyomwagiwa asali ya tende, nikamwambia hiyo kaimati, Ramadhani kwetu Mikindani kila nyumba inapika. Jina limebadilika kidogo tu.

Ndani kuna sehemu za mambo yao mengine, anga, afya, mazingira. Hawa watu walipeleka chombo mpaka sayari ya Mars kikafika Februari 2021, na 2023 mtu wao Sultan Al Neyadi akakaa miezi sita kwenye kituo cha anga. Ni vizuri, nilipita nikaangalia, vimepangwa katikati ya zile zile nguzo kwahiyo unamwangalia mwanaanga huku umezungukwa na makuti na haikua inagongana hata kidogo. Ila macho yangu yalikua juu.

Kitu kimoja kilinigusa zaidi nilipokua natoka. Mwaka 1970 Osaka ilikua na Expo, na Abu Dhabi walikuja, hapo hata Falme hazijaungana bado, zimeungana 1971. Banda lao wakati ule walijenga mfano wa ngome. Hebu fikirieni, wakiwa ndio kwanza wanaanza walikuja na ngome, na sasa hela zimejaa wamekuja na nyumba ya kuti. Sisi safari yetu inakwenda upande mwingine. Nimekulia kwenye makuti Mikindani, mwaka baba alipopata hela nzuri ya korosho akaezeka bati, tukashangilia mtaa mzima, na kweli bati halivuji na halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, simlaumu. Lakini mchana ndani kukawa hakukaliki. Mama akawa anapika, analala, anasuka ukili, kila kitu chini ya mwembe. Na toka hapo kwetu neno nyumba ya makuti likawa maana yake nyumba ya asiye nacho, wanaoezeka makuti saivi ni hoteli za wageni kule ufukweni na wanalipa hela ndefu.

Tanzania tulikuwepo pia, kwenye jengo la pamoja na nchi nyingine, nikaenda kusalimia ndugu zetu nikaongea Kiswahili roho ikatulia. Siku ya Taifa letu ilikua Mei 25, Waziri Mkuu Majaliwa wa wakati ule alienda, mtu wa Ruangwa huyo, mkoa wa Lindi, mwenzangu alijivuna mno.

Kwa wanaojipanga na ile inayofuata, Riyadh, Oktoba 2030 mpaka Machi 2031, niwape machache niliyojifunza kwa shida. Osaka hawakupokea hela taslimu kabisa, yaani yen zangu mfukoni zilikua karatasi, nikakaa na kiu mpaka mwenzangu mwenye kadi akaninunulia juisi, baadae ndio nikagundua kuna sehemu za kujaza maji bure, nenda na chupa yako. Mabanda mengi makubwa yalikua ya kuweka nafasi kabla kwa njia ya mtandao na ilikua bahati nasibu, usisubiri ufike. Vaa viatu ulivyozoea. Na nunua kile kijitabu cha mihuri, kila banda linakugongea mhuri wake, changu nimekiweka karakana na wanafunzi wanakishika mpaka kurasa zimeanza kuchafuka, waache washike tu.

Kama ni nyota natoa tano zote kwa hili banda.

Nimerudi sijakaa kimya. Nimekusanya pongoo za minazi kutoka shamba la jirani, alikua anazichoma, nikawaita vijana wawili wa mwaka wa pili tukaanza kujaribu nguzo. Ya kwanza ilisambaratika, tulizifunga zikiwa hazijakauka vizuri, zilipokauka zikasinyaa kamba ikabaki inaning'inia. Ya pili tulikausha kivulini wiki tano ndio tukafunga, kwa kamba ya usumba, na katikati tumeweka mti wa mkorosho uliokua umeanguka. Wadudu ndio wanatusumbua, wanaacha unga mweupe chini kila asubuhi, tumejaribu kuzilowesha kwenye maji ya chumvi kama wazee walivyokua wanafanya na miti, zile zilizolowa siku kumi bado hazijatoa unga. Nguzo ina mita mbili na nusu, ipo nyuma ya karakana, mvua za mwezi wa kumi na mbili zimeipiga na nimeipima na timazi jana jioni, haijahama.