Kamusi ya bure ya Kiskoti iliyonifundisha koo upya

Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Dundee, Uskoti, mwaka wa tatu sasa. Kiingereza nilidhani ninacho, mpaka asubuhi moja mzee mmoja aliposukuma bakuli la uji, akashika shingo na kusema "ma thrapple's sair". Sair nilibahatisha: inauma. Lakini thrapple ikanikwama. Kinachouma ni koo, shingo au kifua? Kwenye fomu ya zamu huwezi kuandika "mzee anaumwa thrapple".

Nilikuwa na programu ya kamusi kwenye simu, ya kulipia kila mwezi (jina naliacha). Ikaniambia nimekosea tahajia. Mwenzangu wa zamu, Mskoti, akacheka, akanielekeza Dictionaries of the Scots Language, kamusi ya Kiskoti, lugha ya Waskoti iliyo ndugu ya Kiingereza. Unaingia kwenye intaneti, unaandika neno, basi. Hulipi hata senti. Thrapple ikaja palepale: koo, bomba la pumzi. Na ukiifanya kitenzi, ni kumkaba mtu koo. Nikamwita nesi.

Usiku nikairudia, maana asili za maneno ni ugonjwa wangu. Kaskazini mwa Uingereza wao husema thropple. Chanzo chake bado kinabishaniwa. Dhana mojawapo inalirudisha kwenye throtbolla, neno la Kiingereza cha Kale la koromeo, lile donge linalopanda na kushuka mtu akimeza. Wizzen, neno jingine la koo, ni la kale vilevile, limetokana na waesend. Craig je? Nilijua ni mwamba. Kumbe ipo craig nyingine kabisa, ya shingo na koo, ndugu wa Kragen ya Kijerumani, ambayo leo ni kola ya shati. "Kulowesha craig" ni kwenda kunywa kidogo.

Hause ndiyo iliyonikesha. Kiingereza cha Kale kilikuwa na heals, Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, wakawa na hals, zote shingo. Kwa Waskoti ikashuka hadi kooni. Kule Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walikohamia Wanorsi, ikapanda milimani: njia inayopita kwenye bonde dogo kati ya vilele viwili ni hause. Newlands Hause nilishaipita kwenye gari la rafiki, nikasoma kibao bila kujua napanda shingo. Na sisi si tuna shingo ya nchi kwenye jiografia ya shule?

Kilichonivutia kwenye kamusi hii ni mifano. Kila neno linakuja na sentensi za watu waliolitumia, karne kwa karne. Ni kamusi mbili zilizounganishwa: moja ya juzuu 12 inatoka karne ya 12 hadi 1700, nyingine ya juzuu 10 inapokea hapo. Uchapishaji wa ile ya kwanza ulianza 1931 ukamalizika 2002! Aliyeianzisha ni William Craigie, mzaliwa wa Dundee hapahapa. (Craig ya jina lake ni ile ya mwamba, nimeshaangalia.)

Dokezo kwa anayeanza: Abd., Ags. na Fif. ni Aberdeen, Angus na Fife, yaani neno lilisikika wapi. Mimi siku mbili nzima nilidhani ni majina ya waandishi. Na ukitaka maneno ya Yorkshire au Cumbria, ongeza kamusi ya lahaja ya Joseph Wright, juzuu 6, 1898 hadi 1905; Chuo Kikuu cha Innsbruck kimeiweka kwenye intaneti. Wright alikuwa mtoto wa viwanda vya sufu, akajifunza kusoma akiwa na miaka kama 15, akaishia kuwa profesa Oxford.

Mzee alipopata nafuu nikamuuliza, thrapple inaendeleaje leo? Akaniangalia hivi, akaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo kila zamu ananitega neno. Juzi alipanua mdomo, akaelekeza kidole ndani kabisa, akasema "pap o the hass". Hass ni hause, hiyo ninayo. Pap nikaenda kuitafuta chooni kwa siri: chuchu. Chuchu ya koo! Nikarudi nikamwambia kwetu ile inaitwa kidakatonge, kazi yake kudaka tonge. Akalirudia mara nne, ki-da-ka, akalikosea mara zote nne, akaomba nimwandikie kwenye karatasi.