Simu nzuri, lakini masasisho yake hayaniulizi

Nimekuwa na simu hii tangu ikiwa mpya. Ni ya Android, ya bei ya kati, na kwa mengi nimeridhika nayo. Kamera inaonyesha rangi ya kitambaa ilivyo, chaji inafika jioni, na kioo kimeanguka mara nyingi bila kupasuka. Mimi ni fundi cherehani. Vipimo vya wateja, picha za mishono, oda na malipo, vyote vimo humo. Kwa hayo ningeipa nyota nne na nusu. Ninaipa tatu, na kilichoondoa hizo nyingine ni namna inavyojisasisha.

Taarifa ya sasisho inakuja na vitufe viwili: "Sakinisha sasa" na "Baadaye". Cha kukataa hakipo. Ukibonyeza "Baadaye" inarudi kesho yake, inarudi tena, halafu inajipangia yenyewe saa ya usiku wakati umelala na simu iko kwenye chaji. Ndivyo toleo jipya la mfumo lilivyoingia kwangu. Nilipoishika asubuhi, mfumo ulikuwa umemeza nafasi kubwa zaidi ya awali, na iliyobaki haikutosha hata picha za kazi ya wiki moja. Albamu nilizopanga kwa majina ya wateja zilikuwa zimechanganywa kwa tarehe. Nikitoka kwenye kamera kurudi WhatsApp, WhatsApp inajifunga na kuanza upya, kwa sababu RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ni ndogo na mfumo mpya unaitaka karibu yote. Mteja amesimama mbele yangu anataka kuona mshono aliouchagua, mimi natafuta picha katika simu niliyoinunua kwa pesa yangu na ambayo jana yake niliijua kila kona. Jambo hilo liliniumiza sana, na sioni kwa nini nilizoee.

Niliipeleka kwa fundi simu Kariakoo nikitaka toleo la zamani lirudishwe. Alinieleza kwa utulivu kwamba simu nyingi za sasa zimefungwa zisikubali kurudi nyuma, maana toleo la zamani lina mianya ambayo wezi wameshaijua. Angeweza kujaribu kuiflash, yaani kuipakia mfumo upya kwa kompyuta, ila kila kitu kingefutwa, na huenda isiwake tena. Hiyo sababu ya mianya ninaielewa na ninaiheshimu. Lakini kama mlango wa kurudi umefungwa, basi ruhusa ya kuingia ilitakiwa iombwe kwa uwazi zaidi, na kabla.

Mambo haya yameshafika mbele ya wenye mamlaka kwingine. Oktoba 2018, mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kwa Samsung hoja ilikuwa wenye Galaxy Note 4 waliosukumwa kuweka toleo la Android lililoandaliwa kwa ajili ya Note 7, simu mpya zaidi. Kwa Apple, wenye iPhone 6 waliosukumwa kuweka iOS 10, toleo la mfumo wa iPhone. Wateja hawakuelezwa vya kutosha kwamba simu zao zingezorota, na hawakupewa njia ya maana ya kuzirudishia uwezo wake. Mwaka huohuo, iOS 11.3 ilifanya baadhi ya iPhone 8 zilizobadilishwa vioo visivyo vya kiwandani zisisikie kidole kabisa, hadi 11.3.1 ilipotoka kurekebisha. Kwetu, ambako kubadilisha kioo kwa fundi wa mtaani ni jambo la kawaida, hebu pima uzito wa sasisho la namna hiyo kupita usiku mmoja katika simu za watu wanaofanyia biashara humo.

Hata hivyo simshauri mtu kuzima masasisho yote akakaa. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba mwanya, kwa mwanya mmoja wa Windows. Mei mwaka huo virusi vya WannaCry vikapita kwenye mwanya huohuo na kuvuruga hospitali za Uingereza, kwa sababu kompyuta nyingi duniani zilikuwa bado hazijawekewa kiraka hicho. Simu yangu ina pesa ndani yake. Kiraka cha usalama nakitaka, tena nakitaka mapema.

Ninachokataa ni kufungiwa vyote katika kifurushi kimoja. Simu hii ilikuwa ikipokea viraka vya usalama peke yake, vidogo, bila kugusa sura ya kitu chochote, na sikuwahi kulalamika. Toleo kubwa lilipofika, viraka vya toleo la zamani vikakoma: ama ukubali mabadiliko yote, ama ubaki bila ulinzi. Kwamba inawezekana kutenganisha tumeshaona. iOS 15 ilipotoka Septemba 2021, Apple waliwaacha watu wabaki na iOS 14 huku wakiendelea kupata viraka vya usalama, ingawa mapema 2022 nafasi hiyo ilifungwa. Kwangu mimi ule ndio uliokuwa utaratibu wa haki, na ungetakiwa kudumu angalau mwaka mzima kwa kila simu, ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Kwa sasa najitegemea hivi. Kwenye Play Store nimeweka programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu, maana kabla ya hapo bando lilikuwa linaisha bila mimi kufungua chochote. Kisha niliingia "Kuhusu simu", nikagusa nambari ya muundo mara saba hadi chaguo za wasanidi, yaani mipangilio iliyofichwa ya watengeneza programu, zikafunguka, na humo nikazima masasisho ya mfumo yanayojiweka simu inapowashwa upya. Taarifa bado zinakuja, ila sasa nasoma kwanza kilichomo. Kiraka cha usalama nakiweka Jumapili, siku nisiyo na wateja. Toleo kubwa nalisubirisha hadi nisikie wenye simu kama yangu wanasemaje. Nashangaa kwamba uwezo huu umefichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuufikia bila kuelekezwa.

Unayetaka kuinunua kwa ajili ya kazi, chukua yenye nafasi ya GB 128 na RAM kubwa kuliko unayohitaji leo, kwa kuwa mfumo utakua na utakula sehemu yake. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji viraka vya usalama vitaendelea hadi mwaka gani. Asipojua, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani. Na picha za wateja zihamishie kwenye kadi ya memori tangu siku ya kwanza.