Ansible: sasa matawi yote nayahudumia nikiwa Tanga mjini

Kabla ya Ansible, programu ya kusimamia kompyuta nyingi kutoka sehemu moja, nilikuwa mtu wa flashi. Naangalia mitambo ya duka la dawa lenye matawi 14, kuanzia Tanga mjini hadi Lushoto, na kila toleo jipya la programu ya mauzo lilinipandisha Coaster alfajiri. Siku moja pale Korogwe niliweka programu mpya nikasahau kubadilisha hifadhidata kwanza. Nimeshafika Mombo, simu ikalia: mauzo hayapiti. Wauzaji waliandika risiti kwa mkono hadi saa tisa alasiri. Jioni ile ile nikapakua Ansible.

Ni programu huria, ya bure, aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012. Red Hat, kampuni ya programu huria, wakainunua 2015. Kilichonivuta ni kwamba kwenye kompyuta za matawi huhitaji kuweka kitu kipya. SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) ikifikika na Python (lugha ya programu) ikiwepo, imetosha. Maagizo yote yanatoka kwenye laptopu yangu.

Lakini raha yenyewe iko kwenye mpangilio. Kuna orodha ya mashine, nami nimezigawa makundi: maduka, ghala, makao makuu. Kisha kila sehemu ya mfumo ina folda yake, Ansible huiita jukumu: PostgreSQL (hifadhidata) ina lake, Nginx (seva ya wavuti) lake, programu ya mauzo lake. Ndani mna hatua za kufuata, violezo vya faili za mipangilio, na kazi zinazosubiri mwisho. Nikigusa mstari mmoja kwenye kiolezo cha Nginx, Nginx inawashwa upya mara moja tu, hatua zikishaisha. Nisipogusa, inaachwa ilivyo. Ghala haliuzi, kwa hiyo kundi lake sikulipa jukumu la mauzo. Na hifadhidata nimeitanguliza kwenye maagizo. Kosa la Korogwe halina tena pa kupitia.

Toleo jipya likitoka, naanza na --check --diff, nione mistari itakayobadilika kabla mashine haijaguswa. Halafu --limit, tawi moja tu. Nikiridhika, ndipo yanafuata mengine. Nikirudia amri ile ile, kila mashine inajibu changed=0, yaani hakuna kilichobadilika, na moyo unatulia.

Haina haraka. Usipobadili namba, inahudumia mashine tano kwa mpigo, na kwa intaneti ya simu matawi 14 yanataka subira. YAML, muundo wa kuandikia maagizo hayo, nayo haitaki mchezo: nafasi zipangwe sawasawa, kitufe cha tab usikiguse. Nywila zifunge kwa ansible-vault, zana yake ya kusimba siri, tangu siku ya kwanza.

Mwenye kompyuta moja haimhusu sana. Mwenye tano na kuendelea aijaribu wiki hii, kwa jukumu moja dogo. Mimi nilianza na la kusawazisha saa, maana risiti za Muheza zilikuwa zinatoka na tarehe ya jana.