Citroën H ya 1972: uzoefu wangu na gari la kuuzia chakula

Nauza mishkaki na chapati kwenye masoko ya vitongoji vya Lyon, Ufaransa, na gari ninalofanyia kazi ni Citroën H ya mwaka 1972, gari la mizigo la Kifaransa. Ndugu kadhaa walioko huku Ulaya wameniuliza kama mzee huyu anafaa kwa biashara au ni pambo tu. Anafaa, mradi soko lako liwe karibu na nyumbani.

Nianze na sakafu, maana ndiyo iliyonishawishi. Ni bapa kutoka mbele hadi nyuma, tena iko chini kiasi kwamba mtungi wa gesi naupandisha bila kumwita mtu. Tairi za mbele ndizo zinazovuta, injini na giaboksi vyote viko mbele, kwa hiyo hakuna propela shafti, ule mhimili mrefu wa kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi za nyuma, inayopita chini na kuinua sakafu. Leo hilo halimshangazi mtu, lakini gari hili lilioneshwa Paris mwaka 1947, wakati magari mengi ya mizigo yalikuwa bado yanasukumwa na tairi za nyuma. Ukishaingia ndani unasimama wima. Niliwahi kuchoma mishkaki ndani ya gari la kukodi la kisasa, nimeinama kutwa nzima; sitaki kurudi huko.

Bodi ni bati la migongo. Ukiliona mara ya kwanza utadhani halikuundwa kiwandani bali liliezekwa. Ile migongo ina kazi: bati jembamba likikunjwa hivyo linakaza, basi huna haja ya bati nene wala fremu nzito. Ndege za Junkers za Wajerumani zilitumia ujanja huo huo. Ubaya wake anaujua anayeliosha. Mafuta ya nyama yanaingia kwenye kila mfereji, na kitambaa hakisaidii. Ni brashi, maji ya moto na jioni yako yote. Mlango wa nyuma una vipande vitatu: cha juu kinanyanyuliwa, viwili vya chini vinafunguka kushoto na kulia. Mvua ikinyesha, kile cha juu ndiyo kibaraza changu.

Kuliendesha ni habari nyingine. Gia ni tatu tu. Injini ya petroli, sentimita za ujazo 1,911, asili yake ni Traction Avant, gari dogo la Citroën lililotoka mwaka 1934, nayo imekaa katikati ya dereva na abiria. Kiangazi miguu inaiva, na mazungumzo ni kwa kupigiana kelele. Usukani hauna pawa, kwa hiyo kuegesha sokoni alfajiri kunakuamsha kuliko kahawa. Kilomita 80 kwa saa zinalitosha. Barabara kuu naikwepa, na gari lililo mbele yangu naliachia nafasi kubwa, maana breki za enzi hizo hazikanyagwi kwa kushtukiza.

André Citroën, mwanzilishi wa kampuni, mwenyewe hakuliona gari hili. Alianza kuuza magari mwaka 1919, akawa bingwa wa matangazo hata jina lake likawaka taa kwenye Mnara wa Eiffel kuanzia 1925. Msafara wake wa magari yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya tairi uliondoka Algeria mwaka 1924, ukafika Kampala, ukagawanyika makundi manne. Moja likateremka Mombasa, jingine Dar es Salaam. Miaka kumi baadaye madeni yakamzidi, Michelin, watengenezaji wa tairi, wakachukua kampuni, naye akafariki 1935. Gari hili lilizaliwa chini ya Pierre Boulanger, mtu aliyeletwa na Michelin. Wakaliunda hadi 1981, zaidi ya 470,000, bila kubadilisha mengi. Kioo cha mbele, kwa mfano, kilikuwa vipande viwili hadi 1964.

Kwa sababu yalitengenezwa mengi na kwa muda mrefu, spea zipo, na mafundi wa makamo wanaijua injini hii vizuri. Kinachoudhi ni bei. Lilikuwa gari la wauza nyama, wauza jibini na polisi. Sasa maduka ya manukato yanaliegesha mlangoni kama ua, na wauzaji wanadai bei za wenye maduka hayo. Kuna hata wanaovalisha gari jipya bodi ya mfano wa H. Kama biashara yako ni ya miji ya mbali, hilo lenye injini ya leo lina mantiki kuliko langu.

Ukiamua la zamani, rangi isikuzuzue. Injini inayokohoa ina tiba, kutu ya chini ndiyo inayofilisi. Omba ruhusa, lala chini, choma kwa bisibisi pale sakafu inapokutana na ubavu. Bisibisi ikizama, rudisha pochi mfukoni.