Santuri ya The Undertones: bendi sina neno nayo, duka ndilo lililonichefua

"Rege iko kule nyuma, bwana."

Hata salamu sijaimaliza, muuzaji kashaniambia hivyo. Sikuuliza rege. Mkononi nilikuwa nimeshika albamu ya kwanza ya The Undertones, bendi ya punk ya Ireland Kaskazini, na nilikuwa nimepanda basi toka Dublin mpaka Belfast kwa ajili ya kutafuta vitu kama hivyo. Duka lenyewe ni la santuri za mtumba, jina silitaji. Imepita wiki tatu hivi, na kila nikikumbuka ile sauti damu inachemka. Rege naipenda. Lakini mtu akutazame sura tu, kisha akuamulie muziki wako?

Nikauliza bei. Pauni 60, akasema muuzaji, kwa kuwa ni chapa ya kwanza, yaani nakala ya toleo la mwanzo kabisa. Nikageuza jalada, nyuma nikaona wimbo wa Teenage Kicks. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba albamu ilipotoka Mei 1979 haikuwa na wimbo huo. Uliongezwa pamoja na Get Over You ilipotolewa upya baadaye mwaka huohuo, na jalada likabadilishwa, maana la mwanzo lilikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya vijana wamekaa ukutani. Akacheka. "Wewe nani kakufundisha hayo?"

Akaichomoa santuri anionyeshe, kidole gumba katikati ya mistari! Mimi nimekulia Tanga, nyumba ya babu yenye santuri za Atomic Jazz, bendi ya dansi ya hapohapo Tanga, na mtoto aliyeshika santuri namna ile hakuruhusiwa kuigusa tena. Nikaomba tuisikilize kidogo. Akasema mashine mbovu. Mashine hiyohiyo ilikuwa inapiga wimbo pale pale nyuma yake.

Nikainunua. Tulifika pauni 40, nikatoa. Najua mtaniuliza kwa nini, na jibu ni bendi.

Hawa ni vijana watano wa Derry, mji wa Ireland Kaskazini: ndugu wawili, John na Damian O'Neill, kwenye magitaa, Michael Bradley besi, Billy Doherty ngoma, na Feargal Sharkey na ile sauti yake inayotetemeka kama ya mtu anayetaka kulia lakini anaona haya. Derry ndiyo ileile ambako Januari 1972 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji, watu 13 wakafa siku hiyo. Vijana hawa wamebalehe humo. Wakawa wanasikiliza Ramones, bendi ya punk ya New York, na zile bendi za gereji za Marekani za miaka ya 60, gitaa la kukwaruza na nyimbo fupi, kisha wakaanza kupiga za kwao kwenye ukumbi mdogo uitwao Casbah. Waliimba nini? Wasichana, kiangazi, binamu anayesifiwa na kila mtu mpaka anakera. Wapo waliowalaumu kwa kutoimba vita. Mimi siwaelewi watu hao. Kijana anayeimba mapenzi katika mji wenye wanajeshi kila kona amekwisha kusema jambo lake.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopata moto, kwa sababu aliyewatoa bendi hii ni mwenye duka la santuri, tena Belfast hiyohiyo! Terri Hooley, aliyekuwa mwenye Good Vibrations ya mtaa wa Great Victoria, duka ambalo vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti walikutana humo wakati mji mzima umegawanyika. Mwaka 1978 yeye ndiye aliyetoa Teenage Kicks kwa lebo yake ndogo. John Peel, mtangazaji wa BBC, akaupiga redioni mara mbili mfululizo, na muda si muda Seymour Stein wa kampuni ya rekodi ya Sire akawasainisha. Kwenye chati za Uingereza wimbo haukupita nafasi ya 31, lakini Peel aliupenda mpaka kaburini: maneno ya wimbo huo yamechongwa kwenye jiwe lake. Kumbe yote hayo yalianzia kaunta ya duka. Na mimi, kwenye kaunta ya duka, naelekezwa nyuma.

Nyumbani nikaweka sindano. Imefika kwenye wimbo wa Jimmy Jimmy ikaanza kuruka. Inaruka, inarudi, inaruka. Nikapiga simu. Mtu yuleyule: "Labda mashine yako." Pesa hairudishwi. Nyota moja, na hiyo moja kwa sababu siwezi kuandika sifuri.

Lakini ngojeni. Jana usiku nimeipiga tena. Wimbo wa Here Comes the Summer haufiki hata dakika mbili, ukaisha nikajikuta nimesimama katikati ya sebule, moyo unadunda, nimesahau uso wa yule bwana kabisa. Nikaurudia mara nne. Siwezi kuipa nyota moja santuri iliyonifanyia hivyo, hata ikiwa na mkwaruzo. Basi tano kwa bendi, na zile pauni 40 sizijutii tena, au tuseme nazijutia nusu. Duka sitii mguu.

Mwenye chapa ya Mei 1979, ile ya picha ya ukutani, anitafute. Nitaomba kuisikiliza kwanza.